Maisha ya Ludwig Krapf, Mwanafunzi wa Maandiko



Katika namba hii ya gazeti letu tumechagua kuwaelezea maisha ya Johann Ludwig Krapf. Jina lake linapita haraka sana katika somo la historia: mzungu wa kwanza kuuona mlima Kenya, mwaka 1849. Mtu anaandika katika kaye, basi, imekwisha. Lakini mlima ni kitu kidogo katika maisha yake. Kazi yake kubwa ilikuwa ya kusoma na kuandika. Ndiye alianza kutafsiri Maandiko Matakatifu katika Kiswahili, na kazi ile imegusa lugha yetu mpaka leo, hata sisi wa Kasumbalesa tulio mbali sana na bahari.

Tena kuna mabishano kati yetu sisi wa mwaka wa mwisho, kila mara tunapozungumza habari za wamisionari. Wengine wanasema wamisionari ndio walileta vitabu na maandishi, mbele yao hakukuwa kitu. Wengine wanasema hapana, walikuja kuharibu tu vitu vya wazee wetu. Tukisoma vizuri maisha ya Krapf tunaona kama habari yenyewe si rahisi vile. Mtusikilize polepole.

MTOTO WA MKULIMA

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na kitu, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo si yeye aliyelifanya. Kijana akaugua miezi sita. Katika ile miezi ya kulala kitandani hakuwa na mchezo mwingine ila Biblia, na zaidi ya yote alipenda hadithi za Agano la Kale. Alipopona na kurudi shambani, watu waliokuwa wakivuna walimtaka awasimulie habari za wazee wa zamani, na alizisimulia vizuri mpaka walimwambia baba yake kwamba mtoto huyu atakuwa mchungaji.

Hapa tuangalie kitu kimoja. Krapf hakuanza na mafundisho ya dini. Alianza na hadithi. Biblia ilimkamata kwanza kama vile hadithi za bibi zinavyowakamata watoto wakati wa jioni, na utumishi ulikuja nyuma.

Familia yake haikuwa na njia ya kumsomesha sana, lakini mama mmoja wa Tübingen, mjane wa mchungaji, alimsaidia kuanza Kilatini. Kisha akaingia masomo makubwa ya mji ule, akajifunza Kigiriki na Kiebrania, maana alitaka kusoma Agano la Kale na Agano Jipya katika lugha zenyewe walizoziandika watu wa zamani. Wakati ule baba yake alimnunulia kitabu cha ramani. Kijana alipofungua ukurasa wa Afrika, upande wa Wasomali, aliona majina machache sana, karibu nafasi tupu. Alikuwa amesoma pia kitabu cha msafiri James Bruce juu ya Etiopia, chenye habari nyingi za fisi, akajiuliza kama nchi ile tupu imejaa fisi tu, bila watu. Ile karatasi tupu haikumtoka katika mawazo. Angali kijana alitembea kwa miguu mpaka Basel, nchi ya Uswisi, kwenye masomo ya wamisionari, na mwaka 1827 wakampokea kuwa mwanafunzi.

ETIOPIA: NCHI YENYE VITABU

Mwaka 1837 chama cha Kiingereza, Church Missionary Society, kilimtuma Etiopia. Alipita Misri na kujifunza Kiarabu. Alifika Tigre, akafukuzwa mwaka 1838, kisha akaingia ufalme wa Shoa mwaka 1839, akakaa huko mpaka 1842.

Kumbe nchi ile haikuwa ya fisi. Ilikuwa nchi ya vitabu. Kanisa la Etiopia lilikuwa na Biblia yake katika lugha ya Kigeezi toka zamani sana, miaka mingi mbele Wajerumani hawajawa na Biblia ya Luther. Mapadri wake walikuwa wakinakili vitabu kwa mkono, juu ya ngozi, herufi kwa herufi. Mmisionari aliyekuja na Biblia alikuta watu wamekwisha kuwa nayo, tena wana vitabu vingine ambavyo yeye hakuvijua.

Kimoja cha vitabu vile kinaitwa Kufale, au kitabu cha Yubile. Ni kitabu cha Wayahudi wa zamani. Kinasimulia tena habari za Mwanzo na sehemu ya Kutoka, na kinagawanya nyakati kwa vipindi vya miaka 49. Watu wa Ulaya walikijua kwa vipande vipande tu. Kwa Waetiopia kilikuwa kizima, tena ni sehemu ya Maandiko yao. Krapf aliomba wamnakilie, akapeleka ile nakala Tübingen. Huko mtaalamu August Dillmann akaitafsiri kwa Kijerumani, na mwaka 1859 akachapisha maandishi yenyewe ya Kigeezi. Nyuma sana, toka mwaka 1947, vitabu vya zamani vilipatikana katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, na ndani yake mkawa vipande vya Kufale kwa Kiebrania. Njo vile ilionekana wazi kwamba kazi ya wanakili wa Etiopia ilikuwa kweli. Kitabu ambacho Ulaya na Yerusalemu walikuwa wamekipoteza, Afrika ilikuwa imekitunza.

MOMBASA: KAZI NA KABURI

Mwaka 1842 Krapf alioa Rosine Dietrich. Hawakuruhusiwa kurudi Shoa, basi wakashuka kwa bahari kutafuta njia ya pwani. Januari 1844 walifika Zanzibar. Sultani Sayyid Said, aliyetawala Oman na pwani ile, aliwapokea vizuri, akawapa barua ya kuwaagiza maliwali wake kumtendea Krapf mema. Tukumbuke kama huyu sultani alikuwa Mwislamu, na alijua mgeni wake anakuja kufanya nini. Mwezi wa Mei 1844 Krapf na mke wake walikaa Mombasa.

Mwezi wa Juni, akiwa angali mgeni kabisa katika lugha, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Hakufanya peke yake. Mtu aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohedin, mwenye asili ya Barawa. Kadhi ni hakimu wa sheria ya Kiislamu, ni mtu wa elimu. Kijerumani hakikuwafaa kitu wale wawili, lakini Krapf alikuwa na Kiarabu alichojifunza Misri, na kadhi alikijua juu ya kazi yake. Hivi, kurasa za kwanza za Biblia katika Kiswahili zilitoka katika kazi ya Mkristo wa Ujerumani na Mwislamu wa pwani, wakitafuta maneno ya kusimulia kitabu cha Wayahudi.

Kisha msiba ukaingia. Mwezi wa Julai homa iliwashika wote wawili. Rosine alizaa mtoto wa kike, na nyuma ya siku chache, tarehe 13 Julai 1844, akafa. Mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, karibu hawezi kusimama. Waliwazika upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa. Aliwaandikia wakubwa wa chama chake kwamba lile kaburi ni alama kama kazi imekwisha kuanza katika sehemu hii ya Afrika, nao wasirudi nyuma.

Wengine wanasoma ile barua na kusifu tu imani yake. Sisi tunaona pia uzito wake. Mama mmoja kijana na mtoto wa siku chache walilipa kwa maisha yao, na majina yao hayatajwi sana. Krapf alirudi kwenye karatasi zake. Kwa miaka miwili akawa pia ameingiza Agano Jipya katika Kiswahili cha Mombasa.

MANENO TUNAYOSALI NAYO

Mtu atauliza: kutafsiri ni kazi gani kubwa? Si kuchukua neno hili na kuweka lingine? Hapana. Kila mwanafunzi aliyepewa na mwalimu kipande cha Kifaransa akitie katika Kiswahili anajua namna jasho linavyotoka. Na hapa hakukuwa hata diksionere. Krapf alipaswa kuitunga mwenyewe huku anatafsiri.

Kwa neno Mungu, lugha ilikuwa na lake la asili. Lakini kwa mambo mengine mengi ya imani, watu wa pwani walikuwa wakitumia maneno yaliyotoka katika Kiarabu: malaika, nabii, imani, rehema, neema, sala, na dhambi, ambayo sisi huku tunaandika zambi. Krapf alijua Kiebrania, kwa hiyo hakuweza kukosa kuona kama Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Malaika, kwa Kiebrania ni malakh. Nabii ni navi. Roho ni ruakh. Shetani ni satan. Torati ni tora. Maneno yale ya manabii wa Israeli yalikuwa na ndugu zao wakikaa Mombasa mbele ya mmisionari yeyote kufika, yameletwa na dini ya Kiislamu.

Basi ndugu zetu, kila Jumapili tunapoimba na kuomba, tunatumia maneno ambayo Waislamu wa pwani waliyasema kwanza, na ambayo mizizi yake inagusana na lugha ya Musa na Isaya. Mtu akisema Kiswahili ni lugha ya soko na ya makamyo tu, haifai kwa mambo ya akili, ajibiwe na ile orodha ndogo.

Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapishwa mwaka 1847, tena si Afrika wala Ujerumani, bali Marekani, katika gazeti la chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki. Mwaka 1850 Krapf alitoa Tübingen kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kingine chenye maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki.

HERUFI NA MASHAIRI

Hapa ndipo tunafika kwenye lile swali letu la mwanzo. Je, Kiswahili hakikuandikwa mbele ya Krapf? Kiliandikwa, na vizuri. Washairi wa Lamu, Pate na Mombasa walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu. Kulikuwa na tenzi ndefu, na nyingine zinasimulia habari za watu ambao sisi tunawajua katika Biblia, kama vile Ayubu na Yusufu, maana Korani pia inawataja. Mswahili wa pwani alilia juu ya mateso ya Ayubu katika shairi la lugha yake bila kuwa na Agano la Kale mikononi.

Krapf alichagua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Sababu yake aliieleza mwenyewe: aliogopa kwamba herufi za Kiarabu zitafungulia Uislamu mlango wa kwenda bara, na alitaka Waafrika wafungwe na elimu ya Ulaya. Nyuma yake masomo na serikali zilifuata njia ile. Sisi leo tunaandika kwa herufi zile, na zinatusaidia. Lakini tuseme ukweli wote: wazee waliojua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu walijikuta wanahesabiwa kama watu wasiojua kusoma, na vitabu vyao vikaonekana kama si vitabu.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu yule yule aliyeogopa herufi zile alipenda mashairi yaliyoandikwa nayo. Alikusanya maandiko ya mkono, na mwaka 1854 yakapelekwa katika biblioteke ya wataalamu wa Mashariki huko Halle, Ujerumani. Kati yake kuna Chuo cha Herekali, utenzi wa Mwengo bin Athumani uliotungwa Pate mwaka 1728, juu ya vita vya Waislamu na Kaisari Herakli. Ni moja ya tenzi za zamani kabisa za Kiswahili tulizo nazo. Kwa mkono mmoja Krapf alifunga njia, kwa mkono mwingine alitunza hazina.

SAFARI NA MWISHO

Safari zake ni maarufu, tutazieleza kwa ufupi. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alikuja kumsaidia, wakajenga kituo Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliona mlima Kenya toka Ukambani. Huko Uingereza kulikuwa na wataalamu wa ramani, wasiowahi kukanyaga pwani, waliosema theluji haiwezi kuwa pale. Mwaka 1851 katika safari nyingine ya Ukambani, Kivoi, mkubwa wa Wakamba aliyekuwa rafiki yake, aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Krapf alikimbia peke yake, anatembea usiku na kujificha mchana, amebeba maji katika mitutu ya bunduki na katika mfuko wa darubini.

Mtu akipima kazi yake kwa hesabu ya watu aliowabatiza, ataona karibu hakuna kitu. Walikuwa wachache mno. Mwaka 1853 alirudi Ujerumani, afya imeharibika, akakaa Kornthal. Lakini hakuacha. Aliendelea na kuchapisha Maandiko ya lugha za Etiopia, na kuandika kamusi yake kubwa ya Kiswahili. Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Ile kamusi ilitoka London mwaka 1882. Hakuiona.

MATUNDA YALIYOKUJA NYUMA

Tafsiri yake ya Biblia ilibaki zaidi katika karatasi za mkono. Wengine waliendelea. Askofu Edward Steere alifanya kazi Zanzibar katika Kiswahili cha Unguja, na Biblia nzima ilitoka mwaka 1891. Ile ya Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, ilitoka mwaka 1914. Mwaka 1952 ikaja Biblia ya pamoja ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1960 ile ya Kingwana, Kiswahili cha huku kwetu Congo. Katika jimbo letu pia Dan Crawford, aliyekufa Luanza kando ya ziwa Mweru mwaka 1926, alikuwa ametumia miaka mingi kutafsiri Maandiko katika Kiluba-Sanga.

Na vitabu vilizaa vitabu. Mathias Mnyampala wa Tanzania alichukua Injili na Zaburi akazigeuza kuwa tenzi, yaani shairi lile lile la pwani likarudi likibeba habari ya Biblia. Ngugi wa Thiong'o wa Kenya alitoa mwaka 1967 riwaya ambayo jina lake, mbegu ya ngano, limetoka katika Agano Jipya, na ndani yake wapigania uhuru wanasoma habari za Musa na Farao kama habari yao wenyewe. Hapa kwetu Katanga, V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, aliandika kwa Kifaransa Entre les eaux, mwaka 1973, juu ya padri aliyegawanyika kati ya kanisa na mapinduzi. Mtu asiyejua Maandiko anaweza kusoma vitabu hivi, lakini atasikia nusu tu ya maneno.

TUNAJIFUNZA NINI?

Krapf alifikiri anakuja Afrika kufundisha. Ni kweli alifundisha. Lakini kazi zake zilizobaki ni zile alizozifanya akiwa mwanafunzi: mbele ya wanakili wa Etiopia, mbele ya kadhi wa Mombasa, mbele ya washairi wa pwani. Pale alipokubali kufundishwa alileta faida kubwa. Pale alipoogopa, kama katika habari ya herufi, aliacha kidonda. Njo jibu letu kwa wale wanaobishana: hakuleta vyote, wala hakuharibu vyote.

Sisi tunakaa mpakani. Makamyo yanatoka Dar es Salaam, yanavuka Zambia, yanapanga mstari hapa kwenye duane, na mashofere wanasema Kiswahili cha kwao. Kuna wanafunzi wanaocheka kile Kiswahili, na mashofere nao wanacheka chetu. Afadhali tuulizane maneno. Tena tusisome Biblia kwa ajili ya pointi za kozi ya dini tu. Chukueni kitabu kifupi, kama Ruthu, mkisome kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, halafu mmuulize mzee nyumbani namna angekisema katika Kibemba, Kilamba au Kiluba. Mtaona mnavyofanya, kwa kidogo, kazi ile iliyofanyika Mombasa mwaka 1844.

Na mtu akiwauliza nani alianza kutafsiri Biblia katika Kiswahili, mtaje majina mawili: Ludwig Krapf na Kadhi Ali bin Mohedin.

Sisi wa mwaka wa mwisho, Kasumbalesa